Hendibreki Isiyoshika Tairi

Katika magari mengi hendibreki hukamata matairi ya nyuma, kila moja kwa breki yake. Land Rover za Series, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kukoma 1985, haziko hivyo. Ngoma ya hendibreki imefungwa nyuma ya sanduku la gia, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukivuta mkono, kinachofungwa ni propela. Matairi yanasimama kwa kuwa yameunganishwa nayo kupitia difu, na difu ina tabia zake.

Difu iliwekwa ili kwenye kona tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Propela ikifungwa, vigia vilivyomo ndani ya difu hubaki huru: tairi moja likienda mbele, la pili laweza kurudi nyuma kwa kiasi kile kile. Yote mawili yakiwa chini, ardhi haikubali mchezo huo. Inua moja, na lile la hewani litazunguka kinyume bila pingamizi huku mwenzake akibingirika. Hendibreki ni nzima, imevutwa hadi mwisho, na gari linaondoka. Likiondoka, jeki inalala, na aliyeko chini ya gari hana pa kukimbilia.

Kazi ninayoichambua ni ya kubadilisha springi za mabamba za nyuma kwenye Series III fupi, ile ya inchi 88, katika ua wa mchanga mjini Tanga. Fundi hakuanza na jeki. Alianza na kabari za mbao, mbele na nyuma ya kila tairi la mbele. Utingo yeyote aliyepanda mlima wa Kitonga na lori anajua thamani ya kigogo nyuma ya tairi. Ni sisi wenye magari madogo tunaoona ni ushamba. Kisha akavuta wenzo wenye kichwa chekundu kuingiza gia za chini, hatua ambayo kwa Series huunganisha na ekseli ya mbele. Sasa hendibreki ile ile imefunga propela zote mbili, na kwa kuwa matairi ya mbele yote yako chini, hayana njia ya kuzunguka kinyume. Ila baadhi ya magari haya yalifungwa habu za mbele zinazofunguliwa kwa mkono, ili ekseli ya mbele isizunguke bure barabarani. Zikiachwa wazi, wenzo mwekundu ni pambo tu. Ndiyo maana kabari zilitangulia.

Nati za matairi zililegezwa gari likiwa bado chini. Kukazana nazo gari likiwa juu ni kulitikisa gari lenyewe.

Kwenye mchanga, jeki ya magurudumu ni mtego. Mkono wake hupanda kwa upinde, kwa hiyo jeki lazima isogee kidogo kadiri gari linavyopanda. Vigurudumu vikizama, haisogei. Badala yake kichwa kinateleza au kinalivuta gari pembeni. Fundi alichagua jeki ya chupa, juu ya ubao mnene mpana, chini ya ekseli karibu na springi. Hakuiweka chini ya bakuli la difu, ingawa ndipo mkono wa wengi huenda. Kwa Series bakuli hilo limesogea upande wa kulia, na gari likiinuliwa hapo hupanda likiwa limeinama. Ile jeki ndefu ya matundu, Hi-Lift, ambayo wapenzi wa magari haya huifunga kwenye bodi kwa fahari, haikuguswa. Hiyo ni ya kukwamulia gari topeni. Hushika bampa, springi zinanyooka, bodi inapanda sana kabla tairi halijaachana na ardhi, na wakati wote huo gari linayumba juu ya mguu mmoja mwembamba.

Jeki ya mafuta hubeba mzigo wake juu ya sili ya mpira na vali ndogo. Kwa kuinua inatosha. Kwa kumlinda mtu haitoshi. Stendi hubeba kwa chuma juu ya chuma. Hata hizo zina habari zake: mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe baadhi ya stendi zake kwa kuwa meno ya kishikio yangeweza kuachia, na miezi michache baadaye baadhi ya zile zilizotolewa kama mbadala nazo zikarudishwa kwa kasoro ya uchomeleaji. Mimi napenda stendi ya pini, ambapo chuma kinene kinapita matundu yote mawili na macho yanaona kimepita. Tani zilizoandikwa nazo zisomwe vizuri. Mara nyingi ni za stendi mbili kwa pamoja. Tofali la bloku halimo kabisa katika mazungumzo haya. Hubeba vizuri mzigo uliotandazwa, lakini ncha ya chuma ikilikandamiza mahali pamoja hupasuka ghafla, bila hata kulia kwanza.

Swali lililobaki ni stendi zikae wapi. Kwa kazi ya breki zingekaa chini ya ekseli, gari likabaki chini na tulivu. Springi zinataka kinyume chake: chasisi ishikwe, ekseli iachwe ining'inie. Kwa hiyo zilikwenda chini ya mihimili ya chasisi, mbele kidogo ya pale springi inapoanza kushikwa. Lakini kwanza nyundo. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haitoi kutu nyekundu, na hivyo gari huonekana zima wakati chasisi yake, sanduku la mabati yaliyochomelewa, inaoza kwa ndani. Katika mji wa pwani jambo hilo si la kubahatisha. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa. Upande wa kushoto ulitoa sauti hiyo kwenye tawi la pembeni, lakini mhimili wenyewe ulilia vizuri, na stendi ikasogezwa kiganja kimoja kuukwepa ule uozo.

Gari liliteremshwa juu ya stendi taratibu, kisha likasukumwa kwa bega kutoka pande zote, kabla mtu hajaingiza hata mkono. Matairi yaliyofunguliwa yakalazwa chini ya chasisi: chochote kikiachia, yatabakiza nafasi.

Yubolti zinazoshika springi na ekseli zilifunguliwa upande mmoja tu kwa wakati, ekseli ikiwa imeegemezwa juu ya jeki ili mpira wa breki usibebe uzito. Jeki ilipandishwa na kushushwa kidogo kidogo hadi bolti ya springi ikatoka kwa kusukumwa na vidole. Bolti inayodai nyundo kubwa, kama haijashikwa na kutu, bado imebeba mzigo.

Springi mpya zilipoingia, bolti za bushi hazikukazwa. Zilifungwa kwa mkono tu, matairi yakarudishwa, gari likashushwa, likasukumwasukumwa lijikalie. Ndipo zikakazwa kabisa, uzito ukiwa juu ya matairi. Bushi iliyokazwa ekseli ikining'inia hubaki imejikunja kila siku ya maisha yake, na mpira wake huchanika mapema. Yubolti zikakaziwa tena baada ya gari kuzungushwa mjini.