Mtego wa Anwani Isiyo na Mwenyewe

Katika ofisi ya ushirika wa kahawa huko Mukurweini, ambako barua moja ya mnunuzi yaweza kubeba habari za malipo ya msimu mzima, kuzuia barua pepe taka ni amana. Kwani seva ikizuia kupita kiasi itapoteza riziki ya watu, na ikilegea itawaachia matapeli njia ya kuwafikia makarani.

Njia mojawapo ya kuutunza usawa huo ni anwani ya mtego, yaani ile ambayo haikupata kupewa mtu yeyote wala kuandikwa katika hati yoyote ya biashara, bali imefichwa ndani ya ukurasa wa tovuti, mahali ambapo jicho la binadamu halioni na programu za kukusanya anwani hupekua. Hivyo kila aiandikiaye amejishuhudia mwenyewe kwamba hakuwa na idhini. Nguvu zake zote zimo katika yakini hiyo, na kwa sababu hiyo kulichagua jina lake kwataka hadhari kuliko amri zozote za seva. Lisifanane na majina ya watu kama Wanjiru au Mwangi, maana mtu wa Othaya au Karatina akikosea herufi moja atanaswa bila hatia. Heri mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika. Wala anwani ya karani aliyestaafu isigeuzwe mtego kwa haraka, ilhali ingali imeandikwa katika stakabadhi za watu: kwanza seva iikatae kwa jibu la 550, ambalo humwarifu mtumaji kwamba sanduku halipo, kwa muda usiopungua mwaka, ili wenye haki wapate kuifuta.

Katika Postfix, programu ya seva ya barua pepe ya Wietse Venema iliyotolewa kwa umma mwishoni mwa 1998, mitego huorodheshwa katika jedwali lisomwalo na kanuni ya check_recipient_access, nayo hutanguliwa na kanuni inayoziruhusu kompyuta za ofisi yenyewe, na kufuatiwa na ile inayowakataa wapokeaji wasiojulikana. Hatua ya DISCARD ikiandikwa katika jedwali hilo huitupa barua nzima kwa wote walioandikiwa, si kwa mtego peke yake. Nami naona ni haki, kwani aliyeuandikia mtego na meneja kwa pamoja hakumkusudia meneja kheri. Baya zaidi ni kuipokea barua kisha kuirudisha, maana jina la mtumaji aghalabu limeibwa, na marejeo humwangukia asiyehusika.

Watumiaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD wana programu ya spamd, ambayo humtia aliyegusa mtego katika orodha ya wazuiwao kwa saa 24 na kumjibu herufi moja kila sekunde, hata mashine yake ikapoteza wakati bure. Ufupi wa adhabu hiyo ni busara kubwa, kwa kuwa nambari ya intaneti ya mkosaji wa leo yaweza kesho kuwa ya mtu mwingine. Lakini seva za Gmail hutumiwa na tapeli na mnunuzi kwa pamoja. Basi nambari za watoa huduma wakubwa kama hao zitiwe kwanza katika orodha ya msamaha, na barua zao zihukumiwe moja moja kwa yaliyomo.