Jicho Lisipotee Njia: Mikato 2,700 ya Mad Max: Fury Road

Usiku wa tarehe 28 Februari 2016, jijini Los Angeles, filamu ya Mad Max: Fury Road ilizoa tuzo sita za Oscar, na hakuna hata moja iliyokwenda kwa mtu ambaye sura yake iko kwenye bango. Charlize Theron na Tom Hardy hawakuteuliwa kwa filamu hiyo. Mwongozaji George Miller aliteuliwa, akatoka mikono mitupu. Zilizochukuliwa ni zile tuzo ambazo watazamaji wengi hupata mwanya wa kwenda kuinjika chai zinapotangazwa: uhariri, mavazi, mandhari, vipodozi na nywele, uchanganyaji wa sauti na uhariri wa sauti. Jenny Beavan alipanda jukwaani kuchukua ya mavazi akiwa na koti lenye fuvu la kumetameta mgongoni, na koti hilo likasemwa kesho yake kuliko kazi yenyewe.

Mimi nataka kukaa na moja tu, ile ya uhariri, aliyoichukua Margaret Sixel. Kazi yake ndiyo inayosifiwa vibaya kuliko zote. Watu husema filamu ile "imekatwa haraka haraka" kana kwamba haraka ndiyo sifa. Kukata haraka anaweza yeyote mwenye kompyuta. Kilichofanyika pale ni kigumu zaidi: kukata haraka bila mtazamaji kupotea hata mara moja.

Tuanze na hesabu. Filamu ina dakika 120 na mikato ipatayo 2,700, yaani kila kipande hukaa machoni sekunde mbili na nusu na ushei. Filamu ya pili ya mfululizo huo huo, iliyotoka 1981, ilikuwa na mikato 1,200 hivi kwa dakika 90, wastani wa sekunde nne na nusu kila kipande. Mwongozaji ni yule yule, jangwa na magari ni yale yale kwa jinsi, ila kasi imekaribia maradufu.

Kasi hiyo inagongana na ukomo wa mwili. Kitu kikitokea pembeni, jicho huchukua takribani moja ya tano ya sekunde kabla halijaanza hata kusogea kukifuata, na likiwa njiani halioni kitu cha maana, maana ubongo hufunga pazia kwa kitambo kile. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo moja ya tano ya sekunde ni fremu tano hivi. Kipande cha fremu 20 kikimlazimisha mtazamaji kuusaka uso wa mtu kwenye kona ya kushoto, robo yake imeshakwenda kabla hajauona. Kipande kinachofuata kikimpeleka kona ya kulia, amepoteza tena. Mfanyie hivyo kwa dakika tano mfululizo, atakuambia filamu ina fujo, wala hatajua kuwa kilichomchosha ni safari za macho yake mwenyewe.

Dawa ya Miller ilikuwa rahisi kuitamka: chochote kilicho muhimu kiwe katikati ya fremu. Mpiga picha mkuu John Seale ameeleza jinsi Miller alivyokuwa akiwakumbusha wapiga picha kwa simu ya upepo, msafara ukiwa mbioni kwenye mchanga wa Namibia, kwamba ule msalaba ulio katikati ya kioo cha kamera waulenge kwenye pua ya mwigizaji. Kila aliyepitia darasa la upigaji picha alifundishwa kinyume chake: igawe fremu mara tatu, mtu umweke pembeni, picha ipate pumzi. Miller alikataa hilo kwa makusudi. Uso ukiwa katikati, mkono uliofuata ukiwa katikati, na bastola iliyofuata ikiwa papo hapo, jicho halina safari. Limekaa mahali pamoja, picha ndizo zinazolijia. Ndiyo maana kipande cha fremu 15 kinasomeka chote, toka fremu ya kwanza hadi ya mwisho.

Walter Murch, mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now, aliwahi kuandika mambo sita ya kuzingatia kabla ya kukata, akayapa na asilimia, nusu kwa mzaha. Hisia alizipa 51, hadithi 23, mdundo 10. Mahali jicho lilipo aliweka nafasi ya nne, asilimia 7 tu. Kwa filamu nyingi mgawanyo huo unatosha. Kwa filamu ya kufukuzana inayobadilisha picha mara 22 kwa dakika, zile asilimia 7 ndizo zinazoshikilia nyumba nzima, maana hisia haiwezi kumfikia mtu ambaye bado anatafuta nani ni nani. (Murch na Seale, kwa njia, walipata Oscar usiku mmoja mwaka 1997 kwa The English Patient, nayo ni filamu ya jangwa.)

Kuna njia nyingine, na haki inataka itajwe. The Bourne Ultimatum ya 2007 ina vipande vya sekunde mbili hivi kwa wastani, kamera inatikisika, watu wanaingia na kutoka kwenye fremu ovyo, na Christopher Rouse alipewa Oscar ya uhariri kwa kazi hiyo. Pale kuchanganyikiwa ndiko kulikotakiwa: mtazamaji apate kizunguzungu anachokipata anayekimbizwa. Ni ufundi halali. Ubaya ni kwamba waigaji walichukua kutikisika wakaacha akili, na kwa miaka kadhaa mapigano ya Hollywood yakawa kama kutazama mpira huku mtu akikuhamisha kiti kila sekunde.

Ukitaka kuona tofauti kwa karibu, nenda kwenye pambano la Max (Hardy) na Furiosa (Theron), mara tu baada ya dhoruba ya mchanga. Max amefungwa kizuizi cha chuma usoni na ameunganishwa kwa mnyororo na kijana Nux, aliyezimia. Mlango wa gari nao unaburutwa. Furiosa hana mkono wake wa bandia. Wapo wanawake watano ambao Furiosa anawatorosha kwa lori lake kubwa kutoka kwa mtawala Immortan Joe. Watu wanane, mnyororo mmoja, bunduki isiyoaminika, bastola iliyofichwa kwenye lori, mkasi wa kukatia vyuma, na karibu hakuna anayesema neno. Kwa mhariri wa kawaida huo ni uji. Sixel amelipanga pambano zima juu ya swali moja linalorudi kila sekunde mbili: silaha iko mikononi mwa nani sasa? Furiosa anainyakua bunduki, anaielekeza usoni mwa Max, anavuta, haitoki. Mnyororo unavutwa, mwenye kushinda anaanguka. Nux anazinduka na uzito wa mizani unahama. Mwisho Max anapiga risasi mchangani kandokando ya kichwa cha Furiosa, na sote tunajua kwamba angetaka angemuua. Kila kipande kinabeba tendo moja, na kipande kinachofuata kinaonyesha tendo hilo limeleta nini. Huwezi kuondoa hata kimoja bila kufungua shimo.

Hapa ndipo inapoonekana kuwa fremu ya katikati peke yake isingetosha. Sixel aliletewa saa 480 za picha. Kamera zilikuwa nyingi, nyingine ndogo za kuwekwa mahali pa kugongwa na kuvunjika, na zote zilirekodi. Mtu akikaa kuzitazama usiku na mchana bila kulala atamaliza baada ya siku 20. Kilichobaki ni saa mbili. Miller alikuwa amechora filamu nzima kabla, michoro ipatayo 3,500, lakini mchoro haukuambii mwigizaji atapepesa jicho lini. Picha zilipigwa Namibia mwaka 2012, baada ya mvua kuotesha maua kwenye jangwa la Broken Hill, Australia, walikokusudia kupiga; Sixel alikuwa Sydney akizipokea na kuzipanga.

Yeye ni mzaliwa wa Afrika Kusini, ni mke wa Miller, na kabla ya hapo alihariri filamu za kumbukumbu, nguruwe Babe wa mwaka 1998 na pengwini wa Happy Feet. Filamu ya mapigano hakuwahi kuigusa. Miller amesema hiyo ndiyo sababu ya kumchagua: angempa mzoefu wa mapigano, ingefanana na nyingine zote. Wapo waliodhani ni upendeleo wa ndoa. Mimi naona ni uamuzi wa kiufundi. Mtu aliyezoea filamu za kumbukumbu hufika mezani akiwa na lundo la picha na hana hadithi mkononi, kwa hiyo hukata kutafuta nani anajua nini, wala hatafuti mlipuko unaofuata.

Wastani nao hudanganya. Kuna usiku kwenye tope, Mkulima wa Risasi, mmoja wa wanaowakimbiza, anakuja na taa kubwa, na bunduki ya kina Max imebakiwa na risasi chache. Max anakosa. Anakosa tena. Risasi imebaki moja. Bila kubishana anamwachia Furiosa bunduki, naye anaiegemeza begani kwa Max, anafyatua, taa inapasuka. Vipande pale vinaachwa vipumue. Sixel anajua kwamba huo ndio wakati watu wawili wanaanza kuaminiana, na imani haikatwi fremu 15. Usiku wenyewe ni wa kutengenezwa: picha zilipigwa mchana, mwanga ukaingizwa kwa wingi kupita kiasi, kisha zikatiwa giza na rangi ya bluu. Ndiyo maana vivuli vyake vina kina ambacho usiku wa taa za studio hauna.

Siri nyingine imo kwenye kasi ya fremu. Seale amesema nusu ya filamu au zaidi haiendi kwa fremu 24 za kawaida. Kipande kisichoeleweka kilipunguzwa mwendo kidogo mpaka kikasomeka. Kilichoeleweka mno kiliongezwa mwendo. Yaani kasi ilipimwa kipande kwa kipande, kwa kigezo cha macho. Mahali pengine wamezidisha. Max anapojaribu kutoroka kwenye ngome ya Immortan Joe mwanzoni, watu wanarukaruka kama vichekesho vya enzi za sinema bubu, na kwangu hofu inapungua pale badala ya kuongezeka. Fremu ya katikati nayo ina bei yake. Kuna dakika, hasa kwenye mbio za mwisho, ambapo natamani kitu kinishtue kutoka kwenye kona.

Sauti imeachwa ishike kona hizo. Mark Mangini, aliyechukua Oscar ya uhariri wa sauti pamoja na David White, alilichukulia lile lori kubwa kama nyangumi anayewindwa, na akalitilia sauti za nyangumi kwenye vipigo vyake na katika kufa kwake. Hata hivyo Miller alitaka filamu ieleweke hata bila sauti. Sisi tuliokulia kwenye banda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, tunakijua kipimo hicho bila kufundishwa. Maneno ya waigizaji yalifunikwa na sauti ya mtafsiri wetu, na filamu iliyobaki imesimama ni ile ambayo picha zake zilijieleza.

Seale aliteuliwa usiku ule kwa upigaji picha, akashindwa na Emmanuel Lubezki wa The Revenant. Lubezki alifanya kinyume kabisa, vipande virefu, kamera inayozunguka bila kukatwa, na uzuri wa aina hiyo huonekana kwa macho matupu. Uzuri wa Seale huonekana tu ukishaunganishwa na kipande kinachofuata. Kwa hukumu yangu ile Oscar ya uhariri ilikuwa ya watu wawili, na nusu yake ilipatikana jangwani miaka mitatu na zaidi kabla ya sherehe, pale mpiga picha mwenye Oscar yake kabatini alipokubali kupiga picha ambazo mwalimu yeyote angezisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wenzangu mnaohariri video za muziki, harusi na tamthilia za mitandaoni, fanyeni jaribio hili kabla ya kuongeza mkato mwingine. Bandika kipande kidogo cha karatasi katikati ya kioo, zima sauti, tazama pambano la Max na Furiosa, uhesabu ni mara ngapi jicho lako linalazimika kuondoka kwenye ile karatasi. Kisha weka kazi yako mwenyewe, uhesabu tena.