Kupona, Kuishi na Kudhurika: Istilahi za Matokeo ya Tiba ya Mionzi

Istilahi za tiba hupimwa kwa kawaida kwa ufupi wake, kwa kukubalika kwake na kwa kulingana kwake na sarufi ya Kiswahili. Vipimo hivyo ni vyema, lakini havitoshi pale ambapo istilahi ndiyo itakayomwezesha mgonjwa kutia sahihi ya ridhaa huku akifahamu anachokiridhia. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno matatu yatumikayo katika fasiri zihusuzo matokeo ya muda mrefu ya tiba ya mionzi kwa saratani za pua na sinasi, nayo ni 'mianzi ya pua', 'kupona' na 'madhara ya pembeni'. Maoni yetu ni kwamba yote matatu yanaficha jambo ambalo yalipaswa kulieleza.

Tuanze na 'mianzi ya pua'. Wapo wafasiri walitumiao neno hili kwa maana ya sinasi, yaani nafasi zenye hewa zilizomo ndani ya mifupa ya uso na zinazofungukia puani. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili, mwanzi wa pua ni tundu la pua. Kosa hili si dogo. Sinasi ya taya ya juu iko chini ya jicho, na dari yake ndiyo sakafu ya tundu la jicho. Sinasi zilizo kati ya macho mawili zimetengwa na macho hayo kwa mfupa mwembamba mithili ya karatasi, na juu yake upo ubongo. Msomaji aliyeambiwa kuwa ugonjwa uko katika mianzi ya pua hataelewa kwa nini tabibu anamweleza habari za kupoteza uwezo wa kuona. Afadhali litumike neno 'sinasi', na lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza.

Neno la pili ni 'kupona'. Taarifa za tiba hueleza ni wagonjwa wangapi kwa mia walio hai baada ya miaka mitano. Mfasiri akaandika 'kiwango cha kupona'. Hizi ni dhana mbili mbalimbali. Aliyepona hana tena ugonjwa. Aliye hai huenda bado anao. Aidha, zipo saratani za sehemu hizi, kama ile ya tezi iitwayo adenoidi sistiki, ambazo huweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, miaka mitano si mwisho wa safari. Wengine wamependekeza 'kunusurika', lakini neno hilo nalo huashiria kwamba hatari imekwisha kupita. 'Kuokoka' limekwisha chukuliwa na lugha ya dini.

La tatu, 'madhara ya pembeni', ni tafsiri ya neno kwa neno, na ndilo lenye hatari zaidi. Kilicho pembeni hudhaniwa kuwa kidogo, tena kisichohusu kiini cha jambo. Sivyo ilivyo hapa. Uvimbe wa sinasi mara nyingi huhitaji kipimo cha grei 60 hadi 70, kinachogawanywa katika wiki sita au saba. Neva ya kuona huanza kuwa hatarini kipimo kinapozidi grei 55 hivi. Basi dhara halitoki pembeni. Latoka katika mionzi ile ile itibuyo. Isitoshe, neno hilo halitenganishi nyakati. Vidonda vya kinywani na wekundu wa ngozi hutokea wakati wa tiba, kisha hupoa. Mtoto wa jicho, kufa kwa mfupa wa taya, kudhoofika kwa tezi ya pituitari na upofu huja baada ya miezi au miaka. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji. Neva ya kuona ikishakufa haina dawa.

Umuhimu wa kutenganisha dhana hizi waonekana katika taarifa ya madaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, iliyotolewa mwaka 2007. Walichunguza wagonjwa 127 waliotibiwa tangu 1960 hadi 2005. Miongoni mwa waliotibiwa miaka ya 1960, asilimia 46 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Miongoni mwa wale wa miaka ya 2000, asilimia 49. Lakini madhara makali yaliyochelewa kutokea yalipungua kutoka asilimia 53 hadi asilimia 16, kwa sababu mbinu za kuelekeza mionzi zilikuwa zimeboreshwa. Mfasiri asiye na neno jingine ila 'kupona' ataandika kwamba miaka arobaini haikuleta maendeleo yoyote. Mfasiri mwenye istilahi mbili ataona kwamba waliobaki hai hawakuongezeka sana, bali wengi zaidi waliepuka madhara makali.

Twajua kwamba yapo maoni mengine. Husemwa kuwa 'kupona' humtia mgonjwa moyo, na kuwa istilahi ndefu huwachosha watu. Kumtia mgonjwa moyo ni kazi njema, lakini ni ya daktari na jamaa; si kazi ya jedwali la takwimu. Na kuhusu urefu, neno fupi lipotoshalo lina gharama kubwa kuliko maneno manne yaliyo sahihi.

Kwa hiyo twapendekeza haya yafikiriwe: 'kiwango cha walio hai' kwa miaka itakayotajwa, 'udhibiti wa uvimbe mahali pake' pale ambapo saratani haijarudi ilipotibiwa, 'madhara ya papo' kwa yale ya wakati wa tiba, na 'madhara yachelewayo' kwa yale ya baadaye. 'Kupona' libakizwe kwa maana yake ya siku zote. Wafasiri na walimu walio na maneno bora, hasa kutoka katika lahaja zetu, waombwa wayalete yajadiliwe kabla ya haya kusanifiwa.