Dunia Nzima Ndani ya Kilobaiti 64: Jinsi Dragon Quest Ilivyojengwa

Dragon Quest ni mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Enix nchini Japani tarehe 27 Mei 1986, kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo. Ni mchezo wa uhusika: mchezaji huwa shujaa mmoja, huzunguka nchi nzima, hupigana na mazimwi, hupata nguvu kidogo kidogo, na mwisho humkabili Ryuo, Mfalme wa Majoka. Yote hayo, yaani programu, ramani, picha, muziki na mazungumzo, yaliingia katika kaseti ya kilobaiti 64. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huzidi kiasi hicho mara nyingi. Anayeurudia mchezo huu akiwa na hesabu hiyo kichwani hugundua kwamba desturi nyingi za dunia yake zinatokana na swali moja lililowakabili watengenezaji kila hatua: kipi lazima kiandikwe, na kipi kinaweza kukokotolewa upya kila kinapohitajika?

Mashine na watu wake

Famicom ilianza kuuzwa Japani mwezi Julai 1983. Kichakataji chake ni cha biti 8, chenye mwendo wa takriban megahezi 1.79, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Picha kwenye skrini haichorwi nukta kwa nukta. Hupangwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, kama fundi anavyotandaza sakafu. Juu ya sakafu hiyo hupita maumbo yanayosogea, yasiyozidi 64 kwa wakati mmoja.

Kazi iligawanywa kwa watu waliojulikana kila mmoja kwa fani yake. Yuji Horii alibuni mchezo na kuandika hadithi. Koichi Nakamura wa kampuni ya Chunsoft aliongoza utungaji wa programu. Akira Toriyama, mchoraji wa katuni za Dr. Slump na Dragon Ball, alichora mazimwi. Koichi Sugiyama alitunga muziki. Horii na Nakamura walipenda michezo miwili ya kompyuta ya Marekani, Ultima na Wizardry. Kutoka mtindo wa Ultima ulichukuliwa mwonekano wa nchi kutoka juu, na kutoka mtindo wa Wizardry vita vinavyoonyeshwa uso kwa uso. Lakini michezo hiyo ilitegemea diski na kibodi. Famicom ilikuwa na kitufe cha msalaba na vitufe vingine vinne. Mtu hujikuna ajipatapo, na kazi ya kupunguza ilianzia hapo.

Amri za kibodi zilipunguzwa zikabaki nane ndani ya menyu moja: kuongea, kutazama nguvu, ngazi, mlango, uchawi, vitu, kuchunguza na kuchukua. Chumba cha kwanza cha mchezo ndicho darasa la amri hizo. Shujaa husimama mbele ya mfalme, na mlango wa chumba umefungwa. Ili atoke, lazima aongee na watu, afungue masanduku matatu yenye dhahabu 120, mwenge na ufunguo, afungue mlango, kisha ashuke ngazi. Asiyewahi kushika mchezo wa aina hii hutoka chumbani humo akiwa amekwisha kutumia amri zote za msingi, bila ukurasa hata mmoja wa maelekezo kukaa ndani ya kaseti.

Ramani iliyokunjwa

Ramani ya nchi, inayoitwa Alefgard, ina upana wa vigae vikubwa 120 na urefu wa 120, kila kimoja nukta 16 kwa 16. Hivyo ni vigae 14,400. Kama kila kimoja kingeandikwa kwa baiti yake, ramani peke yake ingekula zaidi ya moja ya tano ya kaseti.

Njia iliyotumika ni kuandika mfululizo badala ya kigae kimoja kimoja. Baiti moja ina biti 8, na hapa hugawanywa nusu mbili za biti 4. Nusu ya kwanza hutaja aina ya ardhi: bahari, nyasi, msitu, jangwa, kilima, daraja na kadhalika. Nusu ya pili hutaja aina hiyo inajirudia mara ngapi kuelekea kulia, kuanzia mara 1 hadi 16. Mstari wenye vigae 120 vya bahari tupu huandikwa kwa baiti 8 tu. Mstari unaobadilika kila hatua, nyasi, mti, nyasi, mti, hauokoi kitu.

Njia hii ina athari inayoonekana kwa macho. Nchi yenye bahari pana, majangwa na misitu iliyoshikana ni nafuu kuihifadhi, na nchi yenye vipandevipande ni ghali. Alefgard imejaa maeneo mapana ya sura moja. Biti 4 pia huweka mpaka: aina za ardhi haziwezi kuzidi 16.

Ugumu wa safari nao uligawanywa kwa uchache uleule. Ramani imekatwa katika miraba 64, minane kwa minane, kila mmoja ukiwa na upande wa vigae 15. Kila mraba huhitaji biti 4 za kusema ni kundi gani la mazimwi linaloishi humo. Kwa hiyo mpango wa hatari wa nchi nzima hukaa katika baiti 32. Mchezaji haoni miraba hiyo, lakini hujifunza haraka kwamba akivuka daraja fulani huanza kupigwa vibaya. Hakuna ukuta unaomzuia kwenda mbali. Kinachomzuia ni udhaifu wake mwenyewe. Na ngome ya Ryuo huonekana ng'ambo ya maji tangu hatua za kwanza nje ya kasri ya mfalme, kwa hiyo lengo halihitaji kuelezwa kwa maneno mengi.

Majina yaliyozaliwa na uhaba wa herufi

Kijapani huandikwa kwa seti mbili za herufi za silabi, ambapo alama moja husimama kwa ka, nyingine kwa ki, nyingine kwa ku. Seti ya kwanza, hiragana, hutumika kwa maneno ya kawaida. Ya pili, katakana, hutumika zaidi kwa maneno na majina ya kigeni, na mchezo wenye majoka na mazimwi unaihitaji sana. Kila herufi ni kigae kinachokula nafasi. Horii alilazimika kuchagua herufi 20 hivi tu za katakana, na mbili kati ya hizo, he na ri, zilitumika kwa seti zote mbili kwa kuwa maumbo yake yanafanana.

Majina yote yalitungwa kutokana na akiba hiyo. Uchawi wa kuponya unaitwa Hoimi: ho, i, mi. Uchawi wa kurudi kasri unaitwa Rura. Zimwi dogo la kwanza ni Suraimu: su, ra, i, mu. Silabi nzito kama ga, gi na be hazikuhitaji herufi mpya, kwa sababu Kijapani huzipata kwa kuongeza vistari viwili vidogo juu ya ka, ki na he. Vistari hivyo vilifanywa kigae cha peke yake, kikawekwa mstari wa juu ya herufi. Uchawi wa moto, Gira, ni ki pamoja na vistari, kisha ra. Tiba kubwa zaidi, Behoimi, ni he pamoja na vistari, ikifuatiwa na Hoimi ileile. Majina hayo yamebaki katika mfululizo mzima wa Dragon Quest hadi leo, na wachezaji wa Japani huyatamka kama maneno ya kawaida.

Sura chache, sauti chache

Mazimwi ni karibu aina 40, lakini michoro ni pungufu. Suraimu wa bluu, mwekundu na yule wa chuma ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Majoka nayo ni hivyohivyo. Kubadili rangi hugharimu baiti chache tu, na kwa mchezaji rangi mpya ni onyo: umbo analifahamu, nguvu hazifahamu. Vita pia ni vya mmoja kwa mmoja. Skrini haihitaji kubeba kundi la maadui, na takwimu za zimwi moja tu ndizo zinazoshikwa katika kumbukumbu.

Katika toleo la 1986 shujaa na watu wote hutazama mbele daima. Anayekwenda kushoto au kulia huenda ubavu kama kaa. Picha za mgongo na za pembeni hazikuwekwa, na gharama yake ililipwa na menyu: mchezaji akichagua kuongea, huulizwa aongee na aliye upande gani, kaskazini, kusini, mashariki au magharibi.

Sugiyama naye alikuwa na sauti chache, na milio ya mchezo huziingilia kila inapohitajika. Muziki wa kasri aliutunga kwa mtindo wa zamani wa Ulaya, ambamo sauti mbili zinazojibizana hutosha kujenga wimbo kamili. Ustadi mkubwa zaidi uko mapangoni. Wimbo wa pango ni mmoja, lakini kila shujaa anaposhuka ghorofa moja, huteremka sauti na kupunguza mwendo. Data ni ileile, hesabu tu ndiyo iliyobadilika, na msikilizaji huhisi uzito wa ardhi ukiongezeka juu ya kichwa chake.

Maneno ya Ufufuo

Kaseti ya 1986 haikuwa na betri. Umeme ukizimwa, kumbukumbu yote hupotea. Ili safari iendelee kesho yake, mfalme humpa mchezaji Maneno ya Ufufuo: silabi 20 za hiragana za kunakili kwenye karatasi na kuziingiza tena baadaye. Silabi hizo hupangwa 5, 7, 5 na 3, mpangilio unaokaribia mizani ya mashairi ya Kijapani. Msomaji aliyezoea kuhesabu mizani za utenzi anaelewa mara moja faida yake: kilichogawanywa kwa mizani hunakiliwa na kutamkwa kwa urahisi kuliko mfululizo usio na vituo.

Herufi zinazotumika ni 64, kwa hiyo kila moja hubeba biti 6, na 20 hubeba biti 120. Bajeti hiyo imetumika yote. Jina la shujaa, herufi nne, huchukua biti 24. Pointi za uzoefu huchukua 16, na dhahabu 16. Ndiyo maana vyote viwili hukomea 65,535, namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa biti 16. Vitu vinane mkononi huchukua biti 32, silaha, vazi la vita na ngao 8, majani ya dawa 4, funguo 4. Biti 5 hukumbuka mambo ya ndiyo au hapana, mfano kama zimwi la mawe linalolinda mji mmoja limekwisha kuuawa. Biti 3 huyachanganya maneno ili hali ileile iweze kuandikwa kwa sura tofauti, na 8 za mwisho ni za ukaguzi. Mchezaji akiandika nu mahali pa me, au ha mahali pa ho, herufi zinazofanana sana kwenye televisheni za wakati ule, hesabu ya ukaguzi hugoma na mashine husema kwamba maneno si sahihi.

Yaliyoachwa nje yana uzito kuliko yaliyomo. Ngazi ya shujaa, yaani kiwango chake cha ukuaji, haikuandikwa, kwa sababu hupatikana kutokana na pointi za uzoefu. Nguvu zake hazikuandikwa pia. Hukokotolewa kutokana na ngazi pamoja na jina, kwa kuwa herufi za jina ndizo zinazoamua ni sifa zipi zitakua haraka na zipi polepole. Mahali alipo hapakuandikwa: kila safari huanza upya mbele ya mfalme. Milango iliyofunguliwa na masanduku yaliyochukuliwa hayakuandikwa, na mchezo umejengwa ukikubali hilo waziwazi: shujaa akitoka pangoni na kurudi, masanduku hujaa tena na milango hujifunga.

Hapo ndipo ufundi na hadithi vinaposhikana. Kwa kuwa maneno hutolewa na mfalme peke yake, safari nzima huchukua umbo la kutoka nyumbani na kurudi. Kushindwa nako kulipangwa kwa mwendo huo. Shujaa akiuawa huamka kasri akiwa na uzoefu wake wote, ila dhahabu yake imekatwa nusu. Alichojifunza hakipotei, na kwa hiyo hata mchezaji asiye na ustadi hufika mwisho akivumilia.

Matoleo yaliyofuata

Dragon Quest II ya Januari 1987 ilikuwa na mashujaa watatu, na maneno yake yalirefuka hadi herufi 52. Njia ya kunakili kwa mkono ilikuwa imefika kikomo. Dragon Quest III ya Februari 1988 ikaweka betri ndani ya kaseti. Mchezo wa kwanza ulipofikishwa Amerika Kaskazini na Nintendo mwaka 1989, kwa jina la Dragon Warrior, nao ulipewa betri, na watu wake wakapewa picha za kugeuka pande nne. Mwaka 1993 ulitengenezwa upya kwa Super Famicom pamoja na wa pili.

Anayetaka kuurudia mchezo kwa starehe atapata nafuu katika matoleo hayo ya baadaye. Anayetaka kuona ulivyojengwa aende kwenye lile la 1986. Humo shujaa bado anakwenda kama kaa, masanduku bado yanajaa tena, na mfalme bado anasoma silabi 20. Katika matoleo mapya, mengi ya hayo yamerekebishwa, lakini nchi yenyewe, madaraja yake ya hatari, majina ya uchawi wake na ngome inayoonekana ng'ambo ya maji vimeachwa kama vilivyopangwa pale nafasi ilipokuwa kilobaiti 64.