Kihisi au Sensa? Istilahi Moja Mbele ya Injini

Aghalabu istilahi huhukumiwa mezani. Huulizwa kama imeundwa kwa kufuata sarufi, kama ni fupi, kama inanyambulika, na kama haigongani na neno jingine lililokwisha kuzoeleka. Ikifaulu maswali hayo huingizwa katika orodha na kupelekwa kwa wafasiri. Ni nadra istilahi kupelekwa gereji. Katika makala haya tunakusudia kuitazama istilahi moja, yaani kihisi, kwa namna ilivyotufaa na ilivyotukwaza tulipokuwa tukibadilisha kifaa hicho katika gari la jamaa zetu huko Irente, wilayani Lushoto.

Gari lenyewe ni Toyota ya miaka ya 1990, linalobeba watoto, mboga na wagonjwa wa nyumba ile. Lilikuwa likila petroli kupita kiasi, moshi wake ulikuwa mweusi, na plagi zake zilikuwa zimejaa masizi. Hata hivyo, mshale wa geji ya joto ulisimama mahali pake pa kawaida, na gari halikuwa likichemsha. Makanika mmoja jirani alisikiliza kwa muda, akasema kwamba sensa ya temprecha imekufa. Sisi tulikuwa na maelekezo ya kazi hiyo hiyo, kurasa mbili tulizokuwa tumezitafsiri wenyewe kwa majaribio. Tukaona hii ni nafasi njema ya kuyapima.

Kwanza tuseme yaliyo mema juu ya kihisi. Neno limeundwa kutokana na kitenzi kinachojulikana na kila msemaji, likapewa kiambishi cha ki- ambacho Kiswahili hukitumia kwa vifaa vingi. Wako wanaodai kwamba ingefaa tuseme kihisio, kwa kufuata mfano wa kiwashio. Hoja yao ina nguvu ya kisarufi, lakini hatuoni kwamba silabi moja zaidi inamwongezea msomaji maarifa yoyote. Neno sensa, kwa upande mwingine, tayari lina kazi nyingine. Mtumishi wa serikali akiliona katika waraka hukumbuka Sensa ya Watu na Makazi, kama ile ya mwaka 2022. Hoja hii hutolewa mara nyingi dhidi ya mafundi, na mezani huonekana kuwa nzito. Uwanjani si nzito sana: hatuamini kwamba yuko mtu aliyewahi kufungua boneti akidhani atahesabiwa.

Basi tuliandika katika karatasi maneno ya tafsiri yetu, yaani kihisi joto cha maji, tukampa mpwa wetu ashuke nayo Lushoto mjini. Alirudi na kifaa kipya, kizuri, chenye ncha moja ya kuchomekea waya. Kile tulichotaka kukitoa kilikuwa na ncha mbili. "Mjomba," akasema, "wameniuliza ni ya geji au ya kontrolo boksi. Karatasi haikusema, nikachukua ya geji." Lawama haikuwa yake wala ya muuzaji. Swali aliloulizwa dukani lilikuwa na uainishaji ambao karatasi yetu haikuwa nao.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ile, maji ya injini yana vifaa vitatu vinavyofanana, kila kimoja kimefungwa kwa hesi na kichwa chake kimezama majini. Cha kwanza hupeleka habari kwenye geji ili dereva aione, na mara nyingi kina waya mmoja tu. Cha pili hupeleka habari kwenye kompyuta ya injini, nacho kina nyaya mbili. Cha tatu hakipeleki habari popote. Maji yakifikia joto lililowekwa, chenyewe hukata au kuunganisha umeme, na feni ikaanza kuzunguka. Kwa tafsiri yetu vyote vitatu vingeweza kuitwa vihisi joto vya maji, na sarufi isingekuwa na la kusema.

Kosa hilo si la jina tu, bali humpotosha mtu katika kutafuta ubovu. Kifaa cha kompyuta kina kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyozidi. Katika Toyota nyingi ukinzani huo ni omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 tu kwa nyuzi 80. Kikichoka, au plagi yake ikishika kutu, ukinzani unaweza kuongezeka na kompyuta ikaamini kwamba injini ingali baridi kama asubuhi ya ukungu ya huko Usambara. Hapo huongeza petroli, na moshi mweusi ukafuata. Wakati huo huo geji husema kweli, kwa kuwa ina kifaa chake. Msomaji aliyeambiwa kwamba gari lina kihisi joto kimoja atautazama mshale, auone umetulia, kisha ahitimishe kuwa kihisi ni kizima. Atabadilisha plagi, atasafisha kabureta ambayo gari lake halina, na fedha ya nyumba itakwisha.

Dosari ya pili ya tafsiri yetu haikuwa katika majina, ilikuwa katika vitenzi. Tulikuwa tumeandika ondoa mara sita: ondoa waya wa betri, ondoa maji, ondoa plagi, ondoa kihisi, ondoa hewa, ondoa kifuniko. Makanika aliposomewa alicheka, naye alikuwa na haki. Kwake yeye waya wa betri hufunguliwa, ukianza na ule wa hasi, maji humwagwa, plagi huchomolewa, tena kwa kubana kishikio chake na si kwa kuvuta nyaya, sensa hufunguliwa kwa spana, na baada ya maji mapya kujazwa, upepo hutolewa. Kila kitenzi hapo kinamwambia mkono la kufanya. Ondoa haimwambii kitu.

Tena kuna kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo chini ya mgandamizo ndani ya injini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, mgandamizo hushuka ghafla, maji yakachemka na kuruka usoni mwa aliyeinama. Mahali palipo juu kama Irente maji ya wazi huchemka chini ya nyuzi 100, kwa hiyo hatari haipungui. Katika maelekezo yetu onyo hilo lilikuwa katika sentensi ya nne, baada ya ondoa kifuniko. Sentensi ilikuwa sanifu kabisa.

Kwa maoni yetu, kihisi kibaki, lakini kisiachwe peke yake. Kipewe nyongeza inayotaja kinampa nani habari: kihisi joto cha geji, kihisi joto cha kompyuta. Kile cha feni kisiitwe kihisi, bali swichi ya feni, kama mafundi wanavyokiita, kwa sababu kazi yake ni kutenda, si kuarifu. Wenzetu wanaopendelea halijoto badala ya joto wana hoja njema katika kitabu cha fizikia. Juu ya kipande cha karatasi kinachokwenda dukani, joto linatosha. Sensa ya temprecha nayo iandikwe kando ya istilahi sanifu katika kila orodha itakayomfikia mnunuzi, walau mpaka maduka yatakapoizoea ile nyingine. Tunajua kwamba wako watakaoona hili kuwa ni kusalimu amri.

Kihisi cha pili kilipatikana siku iliyofuata. Tuliiacha injini ipoe usiku kucha, tukafungua, tukaweka washa mpya, tukakaza bila kutumia nguvu nyingi, kwa kuwa nyumba yake ni ya alumini na hesi zake huharibika upesi. Moshi ukakoma. Mpwa wetu aliyaandika upya maelekezo yale kwa mkono wake. Pale tulipokuwa tumeandika kihisi joto cha maji, yeye aliandika kihisi joto cha kompyuta, yaani sensa ya kontrolo boksi. Tulikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na hatukuitumia.