Mizani Nane Ukutani

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuutafuta ushairi katika diwani, na wakishachoka na diwani huuendea kwenye majina ya kanga. Ni wachache waliosimama mbele ya ukuta wa nyumba wakausoma. Ilhali katika mtaa kama Nyahanga, mjini Kahama, mkoani Shinyanga, ua na ukuta ni kurasa zilizo wazi mchana kutwa, na anayejua kuzisoma hutambua upesi nani anaamini nini, na nani anamwogopa nani. Mikono mitatu huandika hapo, na haifai kuisoma kana kwamba ni mmoja.

Mkono wa kwanza ni wa chama. Mfumo wa nyumba kumi kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 na kurithiwa na CCM mwaka 1977, ulimpa balozi wa shina mlingoti mbele ya nyumba yake. Zama za chama kimoja, bendera ile ilikuwa kama kibao cha njia: hapa ndipo kwa balozi. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, kitambaa kile kile cha kijani chenye jembe na nyundo kimepata maana ya pili, kwa kuwa ng’ambo ya njia waweza kusimama mlingoti mwingine. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Waliopita Michenzani wanaujua ubao wa Maskani ya Kisonge, na walionywa kahawa Jaws Corner wanajua kuwa mahali pa kukaa ni kauli pia.

Hata hivyo, kwa kipimo cha fasihi bendera ni maskini. Mwenye ua hakuitunga. Ameipandisha tu, au amekataa kuipandisha. Kuipandisha kwaweza kudai ujasiri mkubwa, hasa ikiwa ni ya upinzani, lakini ujasiri ni wake na lugha ni ya makao makuu.

Mkono wa pili ni wa dola. Huu huja na rangi nyekundu na kuacha alama ya X juu ya nyumba iliyohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Hakuna maandishi mafupi kuliko hayo nchini Tanzania, wala yasiyotaka jibu kuliko hayo. Na katika nchi ya dhahabu, kuambiwa uondoke si neno geni: mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, uliokuwa wakati huo katika Wilaya ya Kahama, kupisha mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Mwaka 2009 ukafuata mgodi wa Buzwagi, karibu kabisa na mji, ambao nao umekwisha kufungwa. Migodi hufungwa; viwanja huendelea kutafutwa.

Hapo ndipo unapotokea mkono wa tatu, wa mwenye nyumba. Maandishi yake yameenea katika miji ya Tanzania kiasi kwamba wapita njia hawayaoni tena: NYUMBA HII HAIUZWI. Msomaji wa mashairi na ahesabu kwa vidole. Nyu-mba hi-i ha-i-u-zwi: mizani nane kamili, yaani kipande kizima cha mshororo wa shairi la kawaida. Aliyeyaandika kwa brashi iliyochakaa huenda hajapata kusikia neno mizani, lakini sikio la lugha limemfanyia kazi.

Uzuri wake mkubwa, hata hivyo, haumo katika hesabu, umo katika kitenzi. Mwandishi hakusema “siuzi”. Angesema hivyo, angejitaja, na angemtaja pia anayetaka kuuza. Amesema “haiuzwi”. Mtendaji ametoweka, imebaki nyumba peke yake, inajikatalia. Lakini kila jirani anajua kwamba nyumba isiyotafutiwa mnunuzi haihitaji tangazo. Nyuma ya kitenzi kile yupo mume anayetaka kuuza kwa siri, au kaka wanaogombea mirathi, au mjane anayesubiri kuondolewa. Ugomvi umetangazwa barabarani bila kutajwa jina la mtu. Huo ni ufundi wa fumbo, ule ule ambao watu wa pwani hujivunia katika kanga, ila kanga huvuliwa ikakunjwa, na ukuta haukunjwi.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa. Huko ni nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Ugomvi wa ndani waweza kusemwa kwa Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Ukutani huandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa anayeambiwa si ndugu bali mgeni mwenye fedha. Kiswahili kimepewa kazi ya kulinda mlango.

Kasoro hujitokeza pale baadhi wanapoongeza: OGOPA MATAPELI. Mizani ni saba, na kipande kinachechemea, “ogopeni” ingelikamilisha. Lakini dosari ya maana ni nzito kuliko ya mizani. Nyongeza hiyo humtupia lawama mtu wa mbali, tapeli asiyejulikana, ilhali mara nyingi muuzaji analala ndani ya nyumba hiyo hiyo. Sentensi ya kwanza ilikuwa na uthubutu. Ya pili inaomba radhi.

Wala isidhaniwe kwamba rangi ni sheria. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenye madai anaweza kuomba zuio kwa msajili wa hati. Lakini kiwanja kisicho na hati hakina pa kuandikiwa zuio, na safari ya mahakamani inataka nauli na muda. Ukuta uko karibu.

Kwa hiyo, katika mikono mitatu, huu wa tatu ndio unaostahili kuitwa mtunzi. Bendera husema mtu yuko upande wa nani, na alama ya X husema atoke. Mizani nane husema kuna mtu ndani, na kwamba hajaulizwa.