Kongole, Mwalimu wa Stadi za Maisha

Somo la Stadi za Maisha lilipoanzishwa katika shule za Kenya mwaka 2008, halikuwekewa mtihani wa kitaifa. Somo lisilo na alama huporwa kirahisi: Hisabati ikikawia, kipindi chake ndicho humegwa, na mzazi halalamiki. Kongole basi kwa kila mwalimu wa Ndalu, kule Tongaren, anayekilinda.

Hii ni nchi ya mahindi. Kijana wa hapa anahitaji kujua kupiga hesabu ya mbolea, mbegu na kibarua kabla dalali hajafika na bei yake ya msimu wa mavuno. Msichana anahitaji ulimi wa kumkatalia mwendesha bodaboda anayembeba bure kila jioni. Bure hiyo ina deni. Mambo haya hayakaririwi. Huigizwa, hubishaniwa, na mwalimu huvumilia kelele.

Sekondari ya msingi ilianza 2023 na somo hili likiwa linajitegemea. Masomo yalipopunguzwa hadi 9 mwaka uliofuata, likamezwa na mengine. Nadhani huko ni kulisahau kwa heshima.

Mzazi, ukienda kuuliza alama, uliza pia kama mwanao anafundishwa kukataa.